Mbambakofi Tulioangusha Sokoke

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka akilini. Ukipita njia ya wageni katika msitu wa Sokoke utaona visiki vipana vilivyooza katikati, na mashimo marefu yaliyojaa majani. Wengi hudhani yamechimbwa na wanyama. Tuliyachimba sisi, wapasua mbao. Gogo lililazwa juu ya shimo, mmoja akasimama juu yake, mwingine akaingia chini, msumeno ukapanda na kushuka kutwa nzima. Mimi nilikuwa wa chini. Unga wa mbao niliula kuliko sima. Wa juu alikuwa Kenga, mtoto wa jirani yetu.

Kiongozi wetu, Mzee Charo, alitupa sharti moja. Kabla ya kuangusha mti, ugonge kwa kisogo cha shoka, usikilize. Ukilia kama ngoma, ni mtupu ndani, na mti huo hauangukii unakotaka wewe.

Siku hiyo Mzee alichelewa. Tulikuwa mbele ya mbambakofi mkubwa, mti wa mbao ngumu, nami nikataka akifika aukute umelala. Kenga aliniuliza kama nimeugonga, nikamwitikia ndiyo. Sikuwa nimeugonga. Mti ulipasuka kabla hatujamaliza kuukata, ukageuka, tawi likamvunja Kenga mguu.

Mzee alipofika aliuliza, "Mliugonga?"

"Tuliugonga," nikajibu. "Haukulia kama ngoma."

Kenga alikuwa amelala chini, ananisikia. Tulimbeba kwa fito hadi barabarani. Mti wenyewe ulikuwa mtupu ndani, haukufaa kwa mbao, tukauacha palepale, na mabaki yake yapo hadi leo.

Siku ya tatu Mzee Charo alinichukua twende kwa mama yake Kenga. Aliketi kwenye mkeka, akavua kofia.

"Mama, vijana walifuata nilivyowafunza," akasema. "Basi kosa ni langu. Niwie radhi."

Nilimtazama mzee yule ameinamisha kichwa, nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Mama, sikuugonga."

Mzee alinigeukia. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, "Kutougonga ni haraka za ujana. Lakini umeniacha niliombee radhi kosa lako, nawe umekaa kimya. Hilo ni zito zaidi."

Msimu ule sikushika shoka. Nililima shamba la mama yule hadi mavuno. Kenga alipona, ila anachechemea. Nilipomuuliza kwa nini hakunisema, alijibu, "Mti ulipopasuka nilijua hukuugonga. Nilikungoja useme mwenyewe."

Mwanangu, utakosea, kila afanyaye kazi hukosea. Ukikosea, sema palepale, hata kama unaogopa. Ukinyamaza, kosa halipotei. Litabebwa na mwingine asiyehusika, na huenda akawa ndiye anayekuamini kuliko wote. Mungu akujaalie kusema kweli mapema, akulinde kazini, na akufikishe uzeeni ukiwa na moyo uliotulia.