Magunia Manane ya Gakindu

Moffat Ngatia alijifunza Kiingereza kizuizini, miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni walipowafungia watu kambini, akiandika kwa kidole mchangani. Mfungwa mwenzake aliyewahi kuwa mwalimu ndiye aliyemwonyesha barua za serikali zinavyotungwa. Kitu kilichotendwa hutangulia, kitenzi hufuata nyuma ya "was" au "were", na mtendaji husukumwa mkiani, baada ya "by".

"Na ukiona jina lake litakuletea kiboko," mwalimu alimwambia, "mwache nje. Sentensi itasimama bila yeye."

Hivyo ndivyo walivyoandika malalamiko yao. Walisema wamepigwa, askari hakutajwa, na hakuna aliyeongezewa adhabu.

Uhuru ulipokuja, ujuzi huo ulimpa ukatibu wa chama cha ushirika cha kahawa, upande wa Gakindu. Kumbukumbu zake za mikutano zilisifiwa hadi Nyeri mjini. Kisha, mwaka wa 1971, magunia manane ya kahawa kavu yakakosekana ghalani.

Zamani shauri kama hilo lingekwenda kwa wazee. Msemaji angeshika vijiti, aweke kimoja chini kwa kila jambo, na kila jambo liwe na mtu wake. Asiyetaja mtu alihesabiwa kuwa hajasema. Lakini wazee hao walikwisha kuonekana washamba, na kilichoaminika sasa ni kitabu cha katibu.

Kikaoni, Theuri, mlinzi wa ghala, alisema bila kuzunguka. Jumapili, watu wakiwa kanisani, mwenyekiti Mutahi alikuja na lori, akamwamuru afungue mlango, akapakia magunia. Watu wakatazama viatu vyao. Mutahi, ambaye angeweza kumfuta Moffat kazi kabla ya chakula cha mchana, alicheka.

"Huyu hajalevuka tangu Krismasi," alisema. "Katibu, andika kile Kiingereza chako kizuri. Usituletee vita kitabuni."

Moffat alijua vyema kwamba Theuri haonji pombe. Hata hivyo aliandika: "Eight bags were removed while the watchman was on duty." Magunia manane yaliondolewa mlinzi akiwa zamuni. Hapakuwa na neno la uongo. Akatia sahihi.

Wiki iliyofuata Theuri alipewa barua ya kufukuzwa, na pia aliambiwa aihame nyumba ya chama alimoishi na watoto wake. Mkewe, Wacera, alimwendea Moffat, akamwomba amsomee kitabu kwa Kikuyu. Akamsomea.

"Yaliondolewa na nani, Baba Murugi?" aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Haikuandikwa."

"Mume wangu hakusema?"

"Alisema."

"Na masikio yako siku hiyo ulikuwa umemwazima nani?"

Alifunga kitambaa chake upya, akaenda zake. Siku hiyo Moffat hakula. Asubuhi iliyofuata alikwenda Nyeri na barua mpya, fupi, yenye jina la Mutahi mwanzoni kabisa, kisha lori, kisha siku.

Afisa wa ushirika aliisoma, akatoa nakala ya kumbukumbu za kikao.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu, bwana."

"Mwenyekiti alitajwa kwa mkutano?"

"Alitajwa."

"Basi ulituficha siku ile, ama unatudanganya leo? Chagua moja."

Afisa alimrudishia barua yake, akasema karani hawezi kufuta kwa majuto alichotia sahihi kwa kalamu.

Aliporudi, alimkuta Theuri akifunga kitanda juu ya mkokoteni. Walikuwa wanahamia Timau, kwenye mashamba ya ngano, ambako watu huandikwa kibarua cha siku. Moffat akashika mguu mmoja wa kitanda ili asaidie.

"Wacha, Bwana Katibu," Theuri alisema kwa upole. "Sisi tutaweza."

Yeye na Moffat walikuwa marika, wametahiriwa msimu mmoja, kando ya mto mmoja. Tangu ujana wao hawakuwahi kuitana bwana.