Ngao Yenye Ukingo Uliochanika

Jumamosi, siku ya posho, mwezi wa kumi na moja. Mvua imeanza asubuhi hapa Kabambare na haijakatika.

Kosa ni langu. Ninalisema kwanza, ili musome mengine mukijua. Jina langu ninalificha kwa aibu tu.

Mimi ni karani mudogo bomani. Nilisoma miaka minne kwa mapadri, basi. Lakini babu yangu alikuwa akisuka ngao za matete, na alinifundisha kutambua kila ukoo kwa msuko wake. Hilo lilinipa kiburi.

Juma lililopita Bwana wa teritwari, muzungu wa Serikali, alifungua sanduku la picha za zamani, za vita ya Waarabu na Serikali. Akaniita.

"Karani, huyu iko nani?"

Mwanaume mwenye kofia ya manyoya, mkuki mkononi, nyuma yake nyumba ya Serikali imeungua. Uso umefifia. Ngao ilionekana vizuri: mistari minne myeusi katikati, ukingo wa chini umechanika, vilevile babu alivyonieleza.

"Hii ngao ni ya baba ya sultani wetu," nikasema.

Sultani huyo, mkubwa wa vijiji vyetu, ndiye baba mukwe wangu. Nilijua. Nikasema hata hivyo, maana niliulizwa, na nilidhani mtu wa haki hafichi kwa ajili ya jamaa. Au nilitaka tu kuonekana mjuzi. Sijui.

Sultani akaitwa. Mzee akaitazama picha, akacheka.

"Huyu si baba. Baba alikuwa mufupi, mwenye tumbo. Huyu tumbo liko wapi? Ile ngao baba alimupa muzungu mwenye kupiga picha, akapewa chumvi. Nilikuwa mutoto, niliilamba mwenyewe."

Bwana akanigeukia. "Kwenu mutu anaweza kumupa mugeni ngao yake?"

"Hapana, Bwana. Kwetu ngao inalala kaburini na mwenyewe."

Ni kweli, ndiyo desturi. Baba mukwe hakucheka tena.

"Mukwe wangu," akasema, "ni wewe ulimuzika?"

Bwana akaandika kwamba mutoto wa mwasi hawezi kushika usultani. Siku ileile wakamvua mzee medali ya usultani, wakamfunga. Kesho kutwa, Jumatatu ya kazi moja, lori litampeleka Kasongo, na kutoka Kasongo hatujui ni wapi. Wengine walichukuliwa hivyo kabla yake. Hatujaona hata mmoja akirudi.

Jana nilikuwa napanga zile picha. Nikaiona ngao tena, mkononi mwa mtu mwingine, mrefu sana. Ukingo umechanika palepale. Nikachukua nyingine, na nyingine. Watu saba, ngao moja. Mpiga picha alitembea nayo, akimshikisha kila aliyesimama mbele yake.

Nikazipeleka mbio kwa Bwana. Akazitazama zote bila haraka. Sitamsingizia: hakunipiga, hakunilazimisha, na lile neno la kaburi lilitoka kinywani mwangu mimi.

"Karatasi imekwisha kwenda," akasema. Kisha akasukuma sanduku la pili mezani. "Kazi moja utanionyesha hawa."

Picha ya juu kabisa ni ya mwanaume mwenye ngao ya msuko wa ukoo wetu.

Ninyi munaosoma, mukionyeshwa picha ya zamani, ulizeni kwanza jibu lenu litapelekwa wapi. Kama humjui mtu kwa uso wake, sema humjui. Ngao, kofia, mkuki, vyote vinaweza kubebwa na yeyote. Na desturi ya watu wote haishuhudii juu ya mtu mmoja. Huenda siku hiyo alitaka chumvi.

Bibi yangu, binti ya sultani, anajua habari ya picha ya kwanza. Za zile saba sijamwambia. Mchana alipeleka ugali na sombe ya majani ya muhogo kwa baba yake bomani. Askari akarudisha sahani haijaguswa: mzee aliuliza chakula kimetoka nyumba gani, akaambiwa.

Jioni bibi yangu amekipasha moto, akakiweka katikati. Tumekula hicho hicho, sisi na watoto.