Mkanda wa Kukalia Mtini

Mwenzangu wa kazini ana leseni ya kuwinda paa kwenye shamba moja nje ya mji, na alinialika niende nikamtazame. Akaniazima mkanda wake wa kukalia mtini wakati wa kuvizia: kitambaa kigumu cha kushika makalio, vitanzi viwili vya mapaja, na kamba ya kukufunga kwenye shina ili ukae hewani huku umeegemea nyuma. "Jaribu karibu na ardhi kwanza," aliniambia. "Ukibanwa nyonga, shusha kitambaa, legeza kamba." Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Jumamosi nikaufunga kwenye mti ulio nyuma ya nyumba yetu, hapa ughaibuni, Erdington. Mke wangu alikuwa zamuni kazini. Nyumbani alikuwapo mamake tu, aliyekuja kututembelea kutoka Bungoma. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mikono wala hawaketi meza moja. Katika kanyumba haka hilo si mchezo. Nikimsikia anashuka ngazi, narudi jikoni. Lakini nilikuwa nimejiapiza kwamba hatapata aibu kwa sababu yangu.

Basi nikapanda kingazi cha kubadilishia balbu, nikaegemea. Kitambaa nilikivaa juu, kiunoni, kama mshipi wa suruali, na vitanzi nikavikaza kwelikweli. Nyonga zikabanwa mpaka jasho likanitoka. Ndipo mama mkwe akafungua mlango wa nyuma, ana beseni la nguo. Suruali yangu ilikuwa imevutwa huko nyuma, hata kusema naona haya. Nikajipindua upesi asione, mguu ukateleza, kingazi kikaanguka. Nikabaki naning'inia, uso kwenye gome.

Alinipa mgongo papo hapo, akauambia ukuta wa jirani, "Baba, uko salama?"

"Niko sawa, Mama."

Sikuwa sawa. Uzito wangu ulikuwa umekaza kamba, hailegei, na miguu ilianza kufa ganzi. Yeye akaanika soksi mojamoja, bila kugeuka.

"Uko sawa kweli?"

"Kabisa, Mama. Nafanya mazoezi."

Mazoezi gani, mjinga mimi. Nilikuwa naomba amalize aingie ndani, nimwite jirani. Nguo zikaisha kwenye beseni na hakuingia. Nikajaribu kujivuta, nikaguna kwa maumivu, sauti ikatoka yenyewe.

Akaja. Akanikumbatia mapaja, akaninyanyua kama gunia la mahindi. "Fungua," akasema. Nikaifungua ndoano ya kamba, tukaanguka wote wawili kwenye nyasi. Akainuka, akajifunga leso yake vizuri, akaingia ndani.

Jioni hakushuka kula. Nilimweleza mke wangu yote. Nikamwambia nimemvunjia mamake heshima, nimemlazimisha kunishika, na kama ni kuku wa kuchinjwa kuondoa hiyo aibu, kama desturi yetu, nitamtafuta kwenye maduka ya Alum Rock kesho asubuhi. Akapanda juu na sahani ya mamake, akakaa huko sana. Nilidhani atarudi akicheka. Hakucheka.

"Mama anasema kushikana si neno, hayo yana dawa yake," akaniambia. "Anauliza kama angekuwa mamako pale anaanika nguo, ungemwambia uko sawa?"

Nikaangalia chakula changu. Mamangu ningemwita kabla hata kingazi hakijafika chini.