Sifuri ya Viola

Mwalimu wetu wa hesabu katika shule ya pale Kamenu hugonga ubao kwa chaki mara tatu, kisha husema "tuseme x" kama anayeombea chai. Juzi, katika swali lake, lori lilitoka Thika kwa kilomita sitini kwa saa, pikipiki ikatoka Ruiru kwa arobaini, umbali kilomita ishirini. Zitakutana baada ya muda gani?

"Dakika kumi na mbili," Viola akasema. "Kila saa zinakaribiana kilomita mia."

"Na x iko wapi, madam?" mwalimu akamkejeli.

"Sikuihitaji, mwalimu."

Akampa sifuri, na kwake sifuri moja humtoa mtu timuni. Yaani kwa kukosa herufi moja, Viola ametolewa kwenye timu ya mashindano ya hesabu. Mzee akageukia ubao atuonyeshe njia halali, na mstari wa pili ukatoa mia ile ile ya Viola. Akaitazama, akaifuta upesi kwa kiganja, akatoka darasani kiganja chake kikiwa bado cheupe kwa vumbi la chaki.