Joto la Kusimama

Usiku ule Mzee Mkude alinijia mchana. Najua maneno hayo yanagongana, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mimi nimelala nyumbani kwangu Kihonda, Morogoro, neti imeshushwa, mke wangu anakoroma kidogo upande wa ukutani, na huko nilikopelekwa jua limesimama utosini na lami inanata kwenye viatu. Nilikuwa chini ya mlima wa Kitonga, pale barabara inapoanza kujikunja. Hapakuwa na gari hata moja. Alikuwapo yeye peke yake, na ovaroli lake la bluu, na mnyororo mkononi.

Mzee Mkude ndiye aliyenifundisha kuendesha lori. Alikufa kwenye mlima huo huo, mimi nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani, na sikumbuki siku aliyoniita Zuberi. Aliniita Mbeba Mizigo. "Babu zako walitoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, pembe za ndovu kichwani," alikuwa akinambia, "leo wewe unalalamika kiti kigumu!" Halafu anacheka mpaka anakohoa.

Usiku ule hakucheka. Nilifungua mdomo nimwambie shikamoo, akanipiga kofi.

Lilikuwa kofi la mtu hai. Nilisikia meno yakigongana. Nami sina subira, sijawahi kuwa nayo, nikamrudishia ngumi. Nasema kweli, nilimpiga marehemu ngumi ya kifua, na kifua chake kikalia kama pipa tupu. Akanishika shingo, akaniangusha kwenye lami ya moto, akanikanyaga mgongoni na kuanza kunifunga mnyororo. Kiunoni, begani, kwapani. Alikuwa akifunga taratibu, fundo kwa fundo, vile alivyonifundisha kufunga mzigo ili usicheze njiani. Aliponiinua nikageuka, nikaona nimefungwa kwenye tela. Juu ya tela kuna katapila la njano.

"Vuta," akasema.

Katapila lile nililijua, na hapo lazima nieleze. Lilikuwa kwenye yadi yetu, nyuma ya nyumba yangu, ukuta mmoja tu kati yetu. Asubuhi iliyofuata lilitakiwa kupandishwa Kitonga kwenda Makambako. Kichwa cha kulivuta kilikuwa lori letu la zamani, la pua ndefu, ambalo mafundi walikuwa wamelivalisha injini mpya kabisa wiki ile ile. Na dereva wake alikuwa Deo. Deo ni mtoto wa Mzee Mkude.

Injini mpya haibebeshwi mzigo mzito siku ya kwanza. Vyuma vyake bado ni vikali, havijajuana. Unaitembeza tupu kwanza, barabara ya tambarare, unaongeza mwendo na kupunguza, unapanda gia na kushuka, siku kadhaa, kisha unamwaga ile oili ya kwanza inayotoka na unga wa chuma unaometameta. Ndiyo kuizoesha. Lakini pale yadini kuna imani moja ya kijinga: kwamba ukiiwasha ukaiacha iungurume siku mbili imesimama pale pale, ni sawa na kuipeleka Dodoma na kurudi. Injini ya Deo ilikuwa ikiunguruma tangu juzi. Kila aliyepita aliigusa boneti akasema, "Imeiva hiyo." Jioni, kabla sijalala, tajiri wetu mwenye malori, Mama Rehema, alinipigia simu. Mimi ndiye mkubwa wa madereva, neno langu ndilo la mwisho.

"Zuberi, injini imezoea?"

"Imezoea, mama."

Nilijua haijazoea. Tena nilijua kuliko mtu yeyote pale yadini. Lakini kusema haijazoea kungemfanya mtu aniulize nimejuaje, na swali hilo nimelikimbia nusu ya maisha yangu.

Basi navuta. Mzee Mkude yuko nyuma yangu na fimbo ya nondo, ananipiga mapajani kila ninaposimama. Mnyororo umekula shati, sasa unakula ngozi. Hatua ya kwanza tela linagoma, ya pili linalia, ya tatu linakuja. Kona ya kwanza ya mlima. Kifua kinawaka. Kitu kinasaga ndani yangu, chuma kwa chuma, kavu, nasikia ladha ya kutu kwenye ulimi. Nataka kumwambia mtani, nipumzishe, mimi ni mpya, sijazoea. Badala ya maneno unatoka moshi.

Akanisimamisha. Akaja mbele yangu, akanibandika kiganja kifuani, kile kiganja kipana chenye kovu la maji ya moto ya rejeta. Ngozi yangu ikatoa sauti ya nyama kwenye kikaango.

"Joto hili," akauliza, "ni la kutembea au la kusimama?"

Nikalia. Sioni aibu kusema. Nililia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nikilisubiri swali hilo tangu siku aliyokufa.

Na mara hatuko Kitonga. Tuko hapa hapa Kihonda, miaka ile, nyuma ya nyumba ya wazazi wa Tatu, ambaye sasa ni mke wangu na wakati ule alikuwa mchumba. Lori la Mzee Mkude limeegeshwa kwenye ua wa migomba. Lina injini mpya. Yeye yuko nyumbani kwake ana malaria, hawezi hata kushika kikombe, na amenikabidhi funguo. "Mbeba Mizigo, wiki nzima, kila siku Dakawa na kurudi, tupu. Usiikamue, usiibembeleze." Siku ya kwanza nilikwenda. Siku ya pili nilipita kwa Tatu kusalimia, nikaacha injini inaunguruma, nikakaa mpaka jioni. Siku ya tatu sikujisumbua hata kutafuta sababu. Waya wa mita ya kilomita ulikuwa umekatika, nani angejua? Kila jioni namrudishia lori, anajikokota na shuka mabegani mpaka nje, anaweka kiganja kwenye boneti. Anaikuta ya moto. Anatabasamu. Ananiamini.

Ndotoni najiona nimelala kwenye mkeka wa Tatu, mdomo wazi, nzi anatembea kwenye shavu langu, na nje injini inaunguruma bila mtu. Mzee Mkude amesimama mlangoni na shuka lake la malaria. Nataka nimwamshe yule kijana. Nampiga mateke ya mbavu, nayapiga kwa chuki yote niliyonayo, na maumivu nayasikia mimi. Yule haamki, anageukia upande wa pili. Nikaokota jiwe, nikamponda nalo, na damu ikanimwagikia machoni mwangu mwenyewe.

Nilipopangusa macho, niko msibani.

Mzee Mkude alipopona alifunga tela la saruji akapanda Kitonga, na katikati ya mlima injini ikanoki, ikakwama yenyewe kwa yenyewe. Lori likarudi nyuma, tela likajikunja, vyote vikaingia korongoni. Tulimzika Mgeta, kwao, milimani. Mnajua kazi ya mtani msibani. Mtani ndiye anayelala kwenye kaburi na kuzuia jeneza lisishushwe mpaka alipwe kuku, ndiye anayemwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke na machozi usoni. Watu wote walinisubiri mimi. Nilikaa chini ya ukuta kama gunia. Wakasema masikini, ana uchungu, mwacheni. Mjane wa Mzee Mkude alikuja akanishika mkono, yeye akinifariji mimi. Deo alikuwa na miaka minane, amevaa shati la baba yake lililomfika magotini.

Sasa jeneza liko wazi na marehemu ameketi ndani yake, ananitazama.

"Mtani, mbona hunitanii?"

Waombolezaji wote wakageuka. Nikafungua mdomo nitafute neno la kuchekesha, hata moja, na ikatoka oili. Oili nyeusi, nzito, inameta kwa unga wa chuma, inamwagika kwenye kanzu za watu, kwenye miguu ya mjane, inajaa kaburi. Watu wakaanza kunipiga. Walinipiga kwa majembe, kwa ubapa wa mapanga, kwa viti. Nilikuwa nikisikia mifupa yangu ikivunjika mmoja mmoja nami nikiwaambia moyoni, ongezeni, bado, ongezeni.

Halafu kimya. Jua lile lile. Kitonga tena, juu kabisa sasa, kwenye kona ambayo ukingo wake uling'olewa na lori la Mzee Mkude. Mnyororo hauko mwilini mwangu. Nikashusha pumzi, nikajiangalia mikono, nikaona nimeshika nondo. Nikatazama mbele. Aliyefungwa kwenye tela ni Deo.

Si Deo mtoto. Deo huyu wa leo, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu na mke na pete. Mishipa ya shingo imemtoka. Ananigeukia na kucheka, kwa sababu naye ameurithi utani wa baba yake. "Mbeba Mizigo, leo umenipa kazi ya kabila lako!" Nami namwambia, kwa sauti ile ile niliyomjibia Mama Rehema, "Vuta, umeshazoea." Nasikia kitu kinakatika ndani ya kifua chake. Magoti yanakunjika. Tela linaanza kurudi nyuma, polepole kwanza, linamburuta kwa mgongo, kichwa chake kinagonga lami, ko, ko, ko, nami nimesimama na nondo yangu.

Mikono miwili ikanikaba kutoka nyuma. Nilijua ni ya nani. Alinikaba mpaka macho yakataka kutoka, akaniinua miguu ikaning'inia juu ya korongo, mdomo wake uko sikioni mwangu na pumzi yake haina joto lolote.

"Mimi ulinileta huku," akasema. "Huyu usiniletee."

Akaniachia.

Niliamka niko sakafuni, nimejivingirisha neti shingoni kweli kweli, na Tatu amewasha taa ananivuta. "Baba Asha! Baba Asha, una nini?" Nilikuwa nikisikiliza. Nyuma ya ukuta injini ilikuwa ikiunguruma, sauti moja, haipandi haishuki, na juu yake mlio mwingine mdogo: mtu anagonga matairi. Kulikuwa kumeanza kupambazuka.

Nilitoka na msuli kiunoni, kifua wazi. Tela lilikuwa limeshafungwa, katapila liko juu. Deo alikuwa akizunguka na nondo, anapima upepo wa matairi kwa kugonga, amevaa sweta jipya la safari.

"Mbeba Mizigo, umekuja kunisindikiza au kuomba nauli?" Akaweka kiganja kwenye boneti, kipana kama cha baba yake. "Ya moto kabisa, mtani. Imeiva."

Nilipanda kibini nikazima, nikachomoa funguo. Ukimya ulioingia pale yadini ulikuwa mkubwa mno.

"Hilo ni joto la kusimama," nikamwambia.

"Unasemaje?"

"Injini haizoei kwa kusimama, Deo. Baba yako aligusa boneti ya namna hiyo. Mimi ndiye niliyempelekea."

Nikamweleza. Malaria, Dakawa, ua wa migomba, mkeka. Sikujipunguzia kitu. Nilipokuwa nikieleza alikuwa akinitazama mdomo, kama mtu anayesubiri pale utani utakapofika ili acheke. Haukufika. Aliweka nondo chini, nikashukuru kwa hilo, kisha akanipiga ngumi ya mdomo. Nilianguka. Aliniinua kwa masikio akanipiga ya pili, na ya tatu, na mikono yangu ilikaa chini, kwa mara ya kwanza maishani mwangu ilikaa chini. Ya nne hakuipiga. Alikwenda akaegemeza paji la uso kwenye lile boneti na mgongo wake ukaanza kutikisika.

Nilikaa pale mavumbini nikitema damu.

Baadaye alijipangusa kwa sweta. Akateremsha miguu ya tela, akachomoa mipira ya upepo, akavuta pini. Tela na katapila vikabaki vimesimama peke yake. Akaninyooshea kiganja.

"Funguo."

Nikampa. "Unakwenda wapi?"

"Dakawa. Panda."

Hakuniita mtani. Mpaka leo bado hajaniita. Tulitoka getini tupu, akaingia barabara ya Dodoma, akawa anaongeza mwendo na kupunguza, anapanda gia na kushuka, bila kuikamua na bila kuibembeleza. Tulipokaribia Dakawa simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Rehema, anauliza katapila limefika wapi.

"Halijaondoka, mama. Injini haijazoea. Jana nilikudanganya."

Mdomo ulikuwa umevimba, ikabidi nirudie mara mbili ndipo akanielewa.