Gauni la Kutokea

Mwaka huu nimekataa sare. Nilimwambia dada yangu waziwazi kwamba kwenye harusi ya binti yake nitakuja, nitacheza, hata vitunguu vya pilau nitamenya, ila kile kitambaa cha rangi ya pichi sishoni. Akanijibu kwenye simu, "Watu watasema hujaipenda harusi." Kwetu ndivyo ilivyo. Asiyevaa sare ana lake jambo.

Mimi sikuwa na jambo. Nilikuwa na kabati lisilofunga mlango. Ndani mlikuwa na harusi zote za ukoo: ya zambarau, ya kijani cha kung'aa, ya dhahabu inayowasha shingoni, kila moja imevaliwa jioni moja ikarudi kwenye hanga. Asubuhi nikitaka kwenda sokoni nasimama mbele ya kabati hilo nimenuna, sina cha kuvaa, naishia kuchukua dera lilelile la jana. Siku hiyo nikaapa. Kitakachobaki humu ni kile ninachoweza kukivaa Jumanne, siku isiyo na sababu yoyote, na nikajipenda nikiwa nacho.

Kuapa ni rahisi. Kutoa ndiyo kazi. Sisi tuliokulia Kariakoo katika nyumba za vyumba vya kupanga tulilelewa na nguo za aina mbili, za kushindia na za kutokea, na hazikuchanganywa. Za kushindia zilikuwa zimefuliwa mpaka ua limesahau rangi yake. Za kutokea zilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda, pamoja na vidonge vya kufukuzia nondo, zikisubiri siku yenye jina. Mtu akikuona umevaa ya kutokea katikati ya wiki, anauliza nani kafa au nani anaolewa.

Karibu na Idi mama alikuwa akitupeleka Mtaa wa Congo kununua kitambaa. Hakuwa mtu wa kudanganywa na rangi. Alikisugua kati ya vidole, akalowesha pembe yake kwa ulimi na kuipangusa kwenye kiganja kuona kama kinachuja, na muuza duka anamwangalia bila kupenda. Kisha fundi wa barazani anaambiwa aongeze, aongeze tena, maana mtoto atakua. Gauni likija linafika kwenye vifundo vya miguu. Unalivaa Idi, linarudi sandukuni, na siku likitoka tena makwapa yanabana. Sikumbuki mwaka ambao mimi na gauni langu tulikuwa saizi moja.

Lakini jamani, asubuhi ile ya Idi. Harufu ya kitambaa kipya na ya pasi ya mkaa, korido nzima imejaa watoto waliopakwa mafuta mpaka magotini, kila mlango uko wazi. Ningeulizwa nirudishiwe kitu kimoja cha udogo wangu, ningetaka nisimame tena kwenye ile korido, gauni likinipwaya.

Nilipopata kazi ya ukarani katika ofisi moja huko Upanga, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda Mtaa wa Congo peke yangu. Nilichagua kitambaa cha bluu iliyokolea, chenye maua meupe madogo. Nililowesha pembe kwa ulimi kama nilivyofundishwa. Nikaiba gauni kuukuu la mama kwenye kamba ya kuanikia, nikampelekea fundi achukulie kipimo, nikalirudisha kabla mama hajagundua. Siku nilipomkabidhi jipya alilinusa kwanza, akalifungua, akaligeuza kuangalia mishono, akasema, "Mashaallah. Hili la kutokea." Akalikunja.

Nikasubiri nimwone nalo. Nikaolewa nikahamia Magomeni, na kila Ijumaa nikienda kumsalimu namkuta na kanga zake zilezile. Ilifika harusi ya mdogo wangu, wanawake tumejifungia uani, mama akavua buibui, ndani yake kavaa gauni la zamani la kahawia. Nikamuuliza lile la bluu liko wapi. "Lipo. Nitalivaa, tulia." Sikutulia. Niliumia. Nilijua namna moja tu ya kuelewa jambo hilo: hakulipenda, na alikuwa na adabu mno kuniambia. Tangu hapo nikawa nampelekea sukari na unga. Nguo sikumnunulia tena.

Ile nyumba tuliyopanga, warithi wa mwenye nyumba wameshaiuza, pamesimama ghorofa la maduka. Mama alihamia kwangu na sanduku lake. Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa chini kati ya marundo yangu, baada ya kumaliza kabati, nikamwambia na yeye tufungue lake. Hakukataa. Alikaa kitandani, mimi nikatoa kimoja kimoja, na chini kabisa likaja la bluu.

Nilitegemea kuliona jipya. Lilikuwa limechakaa. Makwapa yamepauka, maua meupe yamekuwa ya rangi ya chai, na ubavuni mishono imefumuliwa na kushonwa upya, hapa uzi mweusi, pale mweupe, na pindo limeshushwa na kupandishwa mpaka limebaki na mistari.

"Mama, hili nani kalivaa?"

"Nyumba nzima," akasema.

Akalivuta mapajani na kuanza kunionyesha kwa kidole. Uzi mweusi ulikuwa wa mama wa chumba cha mbele, mnene yule, alilipanua alipokwenda kumposea mwanawe. Uzi mweupe ni wa yule mwembamba tuliyepakana naye, alilibana siku alipoitwa usaili, na kazi akapata. Pindo lilipandishwa na mfupi wa chumba cha uani, alipokwenda hospitali kumchukua mtoto wake aliyekuwa amelazwa, hakutaka manesi wamwone amevaa hovyo. Alimjua kila mmoja kwa mshono wake.

"Na wewe je?"

"Mimi si nina buibui? Ndani ya buibui nani anajua nimevaa nini."

"Kwenye harusi unavua."

"Harusi ikifika, liko kwa mtu."

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia miaka yote hiyo nilidhani hakulipenda. Mama akanigeukia.

"We mtoto. Ningekuwa silipendi, si ningelishindia? Ningepikia. Nani anakuja kuazima nguo mbaya?" Akalipangusa kwa kiganja, ingawa halikuwa na vumbi. "Walikuwa wakilirudisha wamelifua, wamelipiga pasi, na kila mmoja lazima aniambie, mwanao anajua kuchagua. Nimeambiwa hivyo mpaka nimechoka."

"Hukuchoka, mama."

"Sikuchoka," akakubali.

Nikaenda jikoni nikajifanya naangalia chai, nikalia. Furaha, na uchungu pia, maana kulikuwa na Ijumaa nyingi ambazo ningeweza kukaa naye bila ule mwiba moyoni. Niliporudi alikuwa ameshaliweka gauni upande wa vitu vya kutolewa, juu kabisa ya sare zangu.

"Hilo lishafanya kazi yake," akasema. "Ninunulie jingine."

Nikamuuliza anataka rangi gani. Akafikiri, akasema bluu hiyohiyo, yenye maua. Kisha akashusha sauti, ingawa nyumbani tulikuwa wawili tu.

"Ila safari hii usimwambie mtu."