Samaki au Kibudu

Mume wangu alirudi Rumonge wakati wa Mdachi akiwa amekonda, na badala ya leso akaniletea mfupa. Alikuwa ameondoka na msafara wa Ujiji kwenda pwani. Huko alipata kazi ya kuchimba kilima nyuma ya Lindi, ambako Wajerumani walikuwa wakitoa ardhini mifupa ya mnyama ambaye shingo yake peke yake, alisema, ilizidi mtumbwi wetu kwa urefu. Kipande hiki kilivunjika wakakitupa, naye akakibeba njia nzima. Ndicho kilichokuwa ushahidi wake. Bila hicho, yeye ni mtu aliyemwacha mkewe kwa miaka akarudi mikono mitupu.

Nilikipokea, nikakiosha udongo. Hapo ndipo niliponaswa.

"Weye, mufupa hii iko ya nyama gani?" mama mkwe aliuliza.

Kama ni samaki, mfupa ni safi na mikono yangu ni safi. Kama ni mnyama wa nchi kavu aliyejifia bila kuchinjwa, ni kibudu, najisi, na mimi nimeushika ungali na maji, na najisi huambukiza kwa maji. Mpaka ijulikane, mama mkwe akasema, nisipike, nisichote maji, nisitoke nje ya ua. Kwetu Muhuta, kwa wazazi wangu, nisingeweza kwenda. Mke akiondoka mara tu mumewe anaporudi, watu wana maneno yao. Nikakaa ndani ya ua wa matete, ziwa nikilisikia bila kuliona. Nilichukia kila kitu, hata kuku, kwa sababu wao walipenya chini ya matete wakaenda zao.

Barazani wanaume walibishana. Wavuvi walisema shingo kama hiyo ni ya kitu cha majini, kinachosimama kilindini na kutoa kichwa kuvuta pumzi. Shemeji yangu akasema mwenye miguu minne ni wa nchi kavu, basi. Mume wangu akasema huko kilimani Wajerumani wenyewe waligombana vivyo hivyo: huyu alimpa mnyama jina hili, yule akakataa, akasema hiyo ni mifupa ya wanyama wawili tofauti.

"Sema iko samaki," nilimwambia tulipokuwa wawili. "Neno moja tu, nitoke."

"Sijue kama iko samaki."

"Basi utupe mu ziwa!"

"Nikitupa, na weye utasema shingo ilikuwa bongo, kwamba nilidanganya."

Nilimtukana. Alikuwa na haki, ndiyo maana nilimtukana.

Mwishowe akapita mwalimu wa chuo cha Kurani kutoka Ujiji. Aliugonga mfupa kwa kisu, ukalia. Akauinua, akashangaa uzito wake.

"Hili ni jiwe," akasema. "Jiwe si kibudu. Mwanamke apike."

Watu walicheka kwa furaha, kisha wakacheka kwa namna nyingine, wakimtazama mume wangu: mtu katoka pwani na jiwe kichwani.

Nilikwenda kuchota maji, nikaliona ziwa, nikalia. Niliporudi, figa langu moja, lile lililopasuka, lilikuwa limetupwa nje, na mfupa uko mahali pake jikoni. Mume wangu alikuwa ameuweka mwenyewe. Nikapika samaki wa mukeke kwa mawese, wote wakala.

"Mimi naamini ile shingo," nilimwambia.

"Unaamini jiwe," akasema, akaendelea kula. Habari za shingo hakuzitaja tena, hata watoto wetu walipokuja kumuuliza.